Nukta Kwenye Bango la Shule

Jumatatu, wiki ya kwanza

Andika. Kwanza kabisa andika kwamba anayesema hapa ni mimi, babu yako, fundi mabango, na anayeandika ni wewe, mjukuu wangu, ambaye mtaa mzima unakuita Waya kwa sababu u mwembamba na ukiguswa unapiga shoti. Umeandika? Usinitolee macho, andika.

Mwalimu wa lugha shuleni kwao kawaambia kila mwanafunzi achague mzee mmoja wa nyumbani kwake. Mzee aseme habari za siku, mwanafunzi aandike kwenye daftari, muhula mzima, hata kama ni mstari mmoja. Kwetu wazee ni wawili, mimi na bibi yake. Bibi yake kasema yeye ana kazi za kufanya. Basi nimebaki mimi, na mwalimu hajui bahati aliyoipata, maana mimi nikianza kusema daftari litaomba maji ya kunywa.

Habari zangu ni fupi. Mabango yote ya mji huu ni mkono wangu. La duka la dawa mimi, la kinyozi mimi, la daktari wa meno aliyetaka jino lichorwe linacheka, mimi. Miaka arobaini na mitatu. Nipe karatasi yenye maneno, nitayahamishia kwenye bati vilevile, makubwa kama ng'ombe. Inzi akitua kwenye karatasi, nakuchorea na inzi. Kuna hoteli moja niliiandikia bango, herufi zikakaa vizuri mpaka watu wakawa wanakuja kutazama bango, wanashiba, wanarudi kwao.

(Babu anatia chumvi. Lakini mwalimu alisema tusipunguze kitu. Waya.)

Jumanne

Leo ningesema mambo ya maana lakini mwandishi wangu analia, machozi yanalowesha daftari.

Shule ya ufundi imebandika majina ya madarasa. Waya kapangiwa Upishi. Waya! Mtoto aliyefungua pasi ya bibi yake akiwa na miaka minane, akaifunga, ikabaki skrubu moja nje, na pasi ikapata moto kuliko zamani. Redio za mtaa huu zote zimepita mikononi mwake. Tangu mama yake ahamie mji mwingine kikazi akatuachia sisi, huyu hajazungumza kitu kingine ila darasa la Umeme.

Nikasimama. Nikasema, "Shule imekosea! Kesho nakwenda mwenyewe."

Bibi yake akauliza, taratibu, huku anachambua mchele, "Fomu si ulijaza wewe? Siku ile mguu wangu umevimba?"

"Nilijaza mimi."

"Na ulisoma?"

"Nimesema nilijaza."

Akanitazama. Mtazamo wenyewe usiuandike.

Jumatano

Mvua. Hakuna kazi.

Alhamisi

Mvua. Hakuna kazi. Rangi haishiki kwenye bati bichi, hilo hata wewe unalijua.

Ijumaa

Mvua. Waya karudi ananuka kitunguu. Nimemwambia asikae karibu na mimi, nitalia na mimi watu waseme nimezeeka.

Jumatatu, wiki ya pili

Nimefika kwa mwalimu mshauri.

Ofisi yake iko kati ya stoo ya mafagio na choo cha walimu. Chumba chembamba, ukinyoosha miguu unamkanyaga aliye upande wa pili. Meza ina mguu mmoja mfupi, wamewekea karatasi iliyokunjwa. Saa ya ukutani imesimama saa nne kasorobo, na nadhani ameiacha makusudi ili mtu asione haya kukaa sana. Mwenyewe ni mama wa makamo, mpole, sauti yake ya chini, na ana tabia mbaya moja: akiuliza swali, ananyamaza anasubiri jibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyeandika bango la lango lenu."

"Nalijua hilo bango. Nalipita kila siku mwaka wa tisa huu. Nikusaidie nini?"

Nikamweleza kwamba mjukuu wangu lazima atolewe Upishi, kwa sababu kitunguu ni adui wa ukoo wetu. Nikamwambia baba yangu mzazi alimenya kitunguu kimoja akalia siku tatu, majirani wakaja kutoa pole, wakachimba na kaburi.

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Mzee, nikwambie ukweli. Darasa la Umeme limejaa, na wanaosubiri ni saba. Kubadilisha mawazo tu hakutoshi. Anayeruhusiwa kuhama ni yule ambaye kosa lilitokea siku ya kuandikishwa. Na kosa lenyewe tulieleze: nani alikosea, na ilikuwaje. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ya sita. Je, kulikuwa na kosa?"

Akanyamaza. Si nilikwambia ana tabia mbaya?

Nikasema nitafikiri.

Jumanne

Matokeo ya safari yangu: Waya kaondolewa kwenye vitunguu, kapelekwa kwenye jiko la mkate. Hata ahsante sijapewa.

Alhamisi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumamosi

Mkate alioleta Waya nimeula. Sitasema neno. Nimebakiwa na meno tisa, nayapenda yote.

(Yamebaki kumi na moja, mimi nimeyahesabu. Na mkate ulikuwa na shida kidogo tu. Waya.)

Jumatatu, wiki ya tatu

Nimerudi kwa mshauri. Safari hii nikamwambia mtoto anaogopa moto. Nikampa na kisa cha shangazi yangu aliyekimbia kiberiti akavuka mito miwili.

"Anaogopa moto," akarudia, anaandika. "Lakini umeme hauogopi?"

"Umeme una adabu, mwalimu. Unakaa ndani ya waya."

Akauma kalamu asicheke. "Mzee, nakuuliza tena. Siku ya kuandikishwa, kulikuwa na kosa?"

Nikaaga. Nikasema nimeacha ngazi yangu nje na mvua inanyesha.

Jumanne

Waya kaondolewa kwenye jiko, kapelekwa kuosha vyombo. Bibi yake kasema, "Tafadhali usimsaidie tena huyu mtoto. Kila ukienda anashuka cheo. Ukirudi mara ya tatu atafukuzwa hata shule yenyewe."

Ijumaa

Leo Waya kaniuliza swali mbele ya bibi yake. "Babu, kwenye bango la shule, kwa nini kuna nukta katikati ya neno Ufundi?"

Nikamwambia hiyo ni alama ya fundi. Kila fundi mkubwa anaacha alama yake, ili akifa watu wajue kazi ni yake.

"Mbona mabango mengine hayana?"

"Mengine nilikuwa bado sijawa mkubwa."

Bibi yake akainuka akaenda jikoni. Nikamsikia anacheka peke yake na sufuria.

Jumatatu, wiki ya nne

Mvua. Hakuna kazi.

Jumanne

Mvua.

Jumatano

Leo nimeona jambo.

Nilikuwa nimeshika daftari hili, nalipekua tu, napumzisha macho. Nyuma kabisa, kurasa za mwisho, nikakuta michoro. Mistari imenyooka, kona zimekaa, viduara vidogo, vishale. Kazi safi. Mimi nikivuta mstari natumia uzi wenye chaki, yeye kavuta kwa mkono mtupu.

Nikamuuliza, "Hii nini?"

Akasema, "Mzunguko wa umeme, Babu. Hii swichi, hii taa, hii fyuzi."

"Umeitoa wapi, na wewe unaosha sufuria?"

Akasema kila siku saa tano anatoa ndoo ya maganda ya viazi kwenda kuyamwaga nyuma. Njia inapita dirisha la darasa la Umeme. Anatembea polepole. Anachoona ubaoni anakibeba kichwani, akirudi anakiandika. Siku nyingine anawasaidia wenzake kumenya viazi zaidi ya walivyoambiwa, ili ndoo ijae mara mbili.

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekwambia habari za hali ya hewa. Mimi nikaenda kuangalia makopo yangu ya rangi kama yamefungwa vizuri. Yalikuwa yamefungwa vizuri.

Alhamisi

Mvua. Hakuna kazi. Bibi yako ameniambia neno moja asubuhi. Neno lenyewe liache.

Jumatatu, wiki ya tano

Nimefanya kazi mbili leo, jua lilitoka hadi adhuhuri. La kwanza bango la fundi viatu. Kaniletea maneno kwenye ganda la sigara. Nikampa bibi yako "ayakague", kama kawaida, kisha nikayahamisha. Limetoka zuri, viatu vyenyewe vimeona haya. La pili la muuza maji.

Sina mengine.

Jumatano

Tumeshinda. Andika kwa herufi kubwa, TUMESHINDA.

Nimeingia kwa mshauri leo kifua mbele, nikamwambia, "Ndiyo, kosa lilikuwepo. Shule yenu ndiyo iliyokosea."

"Nani?"

"Karani."

Akamwita. Karani ni bwana mmoja mwembamba, kalamu tatu mfukoni, shati limepigwa pasi hadi linakata. Akaja na fomu. Mshauri akaiweka mezani. Alama ya vema iko kwenye kisanduku cha Upishi, na sahihi yangu chini, nzuri, ina kivuli.

Karani akasema, "Mzee, siku ile nilikuuliza kama umesoma yote. Ukaniambia, 'Bango la lango lako nimeliandika mimi, leo utaniuliza habari za kusoma?' Watu wote kwenye foleni wakacheka."

Mimi nikatazama saa ya ukutani. Saa nne kasorobo.

Karani akanitazama, akatazama fomu, akasema, "Labda ni mimi, mwalimu. Foleni ilikuwa ndefu. Pengine nilimwonyesha mzee kisanduku kisicho chake. Andika ni mimi."

Mshauri akamwambia, "Hili litakuwa kosa la tatu kwenye faili lako. Unajua la tatu maana yake nini."

"Najua. Andika tu. Mzee wa watu hawezi kuja mara zote hizi kwa uongo."

Basi. Barua itaandikwa, Ijumaa ya wiki ijayo nakwenda kutia sahihi, na Waya anahamia Umeme. Nimeshinda. Inatosha kwa leo.

(Babu hakula. Alisema mkate wangu wa wiki ya pili bado haujashuka. Waya.)

Alhamisi

Mvua.

Ijumaa

Mvua.

Jumatatu, wiki ya sita

Mvua. Kila anayepita Waya anamwambia, "Nahamia Umeme!" Mwenye duka la dawa kampa betri mbili. Usiniulize nilisema nini, sikusema kitu.

Jumatano

Nimekwenda hadi lango la shule, kutazama tu kama rangi ya bango inavumilia mvua. Karani akatoka anakwenda nyumbani. Akaniona nalowa, akaja na mwavuli wake mpaka kichwani kwangu, yeye bega moja nje.

Nikamuuliza, "La tatu maana yake nini?"

Akasema, "Ah, mzee. Wananihamishia stoo, kuhesabu mafagio. Si mbaya, kuna ukimya." Akacheka. "Mjukuu wako anapita dirisha la Umeme na ndoo kila siku, unajua? Anatembea kama mtu anayebeba mayai. Nilisema moyoni, huyu mahali pake si huku."

Akanisindikiza mpaka kona. Bega lake lilikuwa limelowa mpaka kwapani. Mimi, ninayeweza kusema tangu alfajiri hadi jioni bila kumeza mate, nilikosa hata ahsante.

Alhamisi

Leo keti vizuri, kalamu iwe na wino. Mvua inapiga bati, sitapaza sauti, kwa hiyo sogea. Na nisemalo uandike, usiruke neno.

Siku ya fomu nilisimama mbele ya karani, nyuma yangu wazazi kama thelathini. Nikapewa karatasi. Ina maneno manne, kila neno na kisanduku chake. Nilijua moja kati ya manne ni Umeme. Nilijua hivyo kwa sababu nyumbani uliniambia mara mia. Lipi, sikujua. Bibi yako hayupo. Karani ananiuliza nimesoma, watu wananitazama, na mimi ndiye mwenye bango la lango. Nikafanya utani, wakacheka, nikajikaza kisabuni. Nikatazama yale maneno kama nitazamavyo kazi. Nikachagua lililokaa vizuri kuliko yote, lina tumbo katikati na mguu umeshuka chini. Nikasema zuri hivi haliwezi kuwa baya. Nikalitia alama.

Alama niliitia mimi. Karani hakunionyesha kitu. Waya, mimi sijui kusoma. Andika hivyo hivyo. Sijui kusoma hata neno moja.

(Hapa niliweka kalamu chini. Nikaenda chumbani, nikafungua redio ya Bibi ambayo haikuwa imeharibika, nikaifunga. Wiki sita nimekaa Upishi, kwenye vitunguu, mkate na sufuria za shule nzima. Wiki sita Babu amekuwa akiniambia shule imekosea, na mimi namwandikia. Nilipotoka alikuwa amekaa palepale, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Sijawahi kumwona Babu amekaa bila kusema. Nikarudi nikashika kalamu. Waya.)

Kaniuliza, "Na mabango?"

"Nayachora. Herufi naziona kama wewe unavyoona sura za watu wa sokoni. Unaweza kuchora sura ya mtu usijue anaitwa nani."

"Na barua za Mama?"

"Bibi yako anasoma, mimi napumzisha macho."

"Na gazeti kila asubuhi, Babu? Mara ngapi umelishika juu chini! Mimi nilidhani ni utani."

"Ndivyo nilivyotaka udhani."

Akafunua ukurasa mpya, kisha akasema, "Na ile nukta?"

Basi, hata hilo. Mkuu wa shule wa zamani alikuwa anakunywa chai wakati ananiandikia maneno ya bango. Tone likadondoka kwenye karatasi. Mimi nikadhani ni la neno lenyewe, nikalichora.

Alicheka, huyu mtoto. Alicheka huku analia, kifua kinampanda. Bibi yake akachungulia kutoka jikoni akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. "Ahaa," akasema, "miaka arobaini nimebeba gunia hili peke yangu. Sasa shikeni na nyinyi."

Waya, kesho nikisema kweli, karani atabaki mezani kwake. Lakini kosa likiwa langu, huenda mshauri akasema shule haihusiki, na wewe urudi kwenye sufuria. Nimekwambia mapema ili uchague. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza.

Kaniambia, "Babu, mwavuli wa karani ulikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi. Ubavu mmoja umevunjika."

"Basi mwenye mwavuli huo asihesabu mafagio. Kesho twende wote."

Ijumaa

Leo ni ndefu. Nyoosha vidole.

Tumeingia watatu, mimi, Waya na bibi yake aliyevaa khanga yake ya kutokea, kana kwamba ninaoa. Ofisi ikajaa, mafagio ya stoo yakaanza kuona wivu. Barua iko tayari mezani, imebaki sahihi. Nikasema, "Mwalimu, kabla sijachora jina langu, mwite karani."

Akaja. Nikasimama. Unajua mimi maneno hayanipigi chenga, lakini leo yalinitoka moja moja kama jino. Nikasema, "Huyu hana kosa. Alama niliitia mimi, kwa sababu sijui kusoma. Nikaona haya. Nikamwacha abebe yeye. Nisamehe, mwanangu."

Mshauri hakushangaa sana. Akanitazama na ule ukimya wake. Kisha akasema, "Mzee. Ile nukta?"

"Chai, mwalimu."

"Chai!" Akapiga meza mpaka mguu mfupi ukatoka kwenye karatasi yake. "Miaka tisa! Nilidhani nimesahau sheria za uandishi. Nilikwenda kuangalia kwenye vitabu!"

Wakacheka wote, karani naye, na mimi. Lakini Waya hakucheka. Alikuwa ameshika kona ya meza. Akauliza, "Sasa mimi je, mwalimu?"

Mshauri akaigeuza ile barua juu ya meza.

Karani akasafisha koo. "Mwalimu, kanuni ya kuandikisha inasema mlezi asiyesoma asomewe fomu. Mimi sikumsomea mzee. Niliuliza tu, nikakubali utani. Kwa hiyo kosa lilikuwepo."

"La nani?" Mshauri akauliza.

Karani akasema, "La foleni," na mimi nikasema, "Langu," kwa pamoja.

Mshauri akachukua ile barua akaichana. Akaandika nyingine, anaisoma kwa sauti huku anaandika, ili mimi nisikie kila neno. Mlezi hasomi. Fomu hakusomewa. Mwanafunzi aliwekwa darasa asilolichagua. Faili la karani halikutajwa. Akasema, "Hii inamfungulia mlango. Kuingia, lazima mwalimu wa Umeme amkubali, maana wenzake wako mbele wiki sita."

Mwalimu wa Umeme akaitwa. Bwana mnene, bisibisi ndogo kaipachika sikioni kama kalamu. Akasema hapana kabla hajakaa. Darasa limejaa, mtoto hajui hata kuchora swichi, atawarudisha nyuma wenzake.

Waya akafungua daftari hili hili, akaligeuza nyuma, akamwekea mezani.

Bwana akatazama ukurasa wa kwanza. Akafunua. Akafunua tena. Akatoa bisibisi sikioni, akaweka ncha yake kwenye mchoro mmoja. "Hapa umeniandikia tofauti na nilivyochora ubaoni."

"Ubaoni fyuzi uliiweka baada ya taa, mwalimu," Waya akasema, anaangalia chini. "Nikaona labda ulikuwa na haraka."

Bwana akatazama tena mchoro, muda mrefu. Masikio yakamwiva. "Nani kakufundisha haya?"

"Dirisha, mwalimu."

Akafunga daftari. Akasema, "Jumatatu uje na bisibisi yako. Na hilo la fyuzi libaki humu ndani."

Limebaki humu ndani, nimeliandikisha tu.

Tulipokuwa tunatoka mshauri akaniita. "Na wewe, mzee? Kila Jumamosi asubuhi tuna madarasa ya watu wazima."

"Mtaniweka darasa lipi?"

"La kwanza."

"La kwanza? Mimi? Mimi niliyeandika mabango yote ya mji huu, mimi..."

Waya akakohoa.

"La kwanza linanifaa," nikasema. "Na nikitaka kuhama?"

"Uje unieleze sababu," akasema. "Ila isiwe kitunguu."

Jumatatu, wiki ya saba

Mvua. Hakuna kazi. Waya karudi ananuka waya ulioungua. Nyumba imependeza.

Jumamosi

Nimeanza shule. Tuko kumi na mmoja, mama muuza mboga, dereva mstaafu, mabibi wawili ndugu wanaogombana nani anamwangalizia mwenzake. Mwalimu akaandika herufi ubaoni, akasema tuinakili. Mimi nikaichora na kivuli, na pambo la majani pembeni. Darasa zima likaja kusimama kwenye meza yangu. Mwalimu akasema, "Mzee, herufi yako inaishinda yangu. Haya, inatamkwaje?"

Nikamwambia, "Hapo ndipo mimi nayo tunapokosana."

Alhamisi, wiki ya nane

Mvua imepungua. Njiani kutoka sokoni nilisimama mbele ya duka la dawa. Bango langu la mwaka ule. Nikalitazama, likanitazama. Nikaisema herufi ya kwanza, na ya pili, nikaziunganisha. Da. Nikasubiri. Wa. Dawa! Nikapiga kelele katikati ya barabara, "Dawa!" Mwenye duka akatoka mbio akidhani mtu kaanguka. Miaka ishirini na tisa liko pale, na mimi ndiye niliyeliweka.

Jumamosi, wiki ya tisa

Mshauri kanipa kazi. Bango la lango lipakwe upya mvua ikiisha. Akasema, "Nukta iache, nimeizoea."

Jioni nikamuuliza Waya, "Nukta kazi yake nini hasa?"

"Inaonyesha umemaliza kusema, Babu."

Nikafikiri. Nikasema basi kwenye bango nitamwachia mshauri, ana haki nayo, aliiangalia vitabuni. Lakini mimi mwenyewe sitaitumia. Mimi nimemaliza lini?

Kesho nipe daftari na kalamu, wewe ukae mbali. Usinishike mkono, usininong'oneze, wala usiniandikie kwanza mahali popote nikanakili.

Jumapili

JUA
KAZI IPO